Bili ya tabianchi: nani anadaiwa, na kwa nini hakuna wa kumlazimisha alipe

Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi na moja tunasikia viongozi wa dunia wamekutana kwenye ule mkutano wa tabianchi unaoitwa COP, wanapitiliza ratiba, wanakesha, alafu wanatoka na makaratasi, na watu wengi wanabaki wanajiuliza hivi hawa wanabishana nini miaka yote hii wakati kila mtu anaona mvua zimevurugika na joto limezidi. Kiukweli kwa sehemu kubwa hawabishanii sayansi. Sayansi ilishaeleweka kitambo. Wanabishania bili, yani nani alipe, alipe kiasi gani, na nani ana mamlaka ya kumwambia mwenzake lipa. Ukilishika hilo, mambo mengi yanayoonekana hayaeleweki yanaanza kueleweka.

Tuanze na deni lenyewe. Hewa ukaa ikishapanda angani haiondoki kesho wala keshokutwa, sehemu kubwa inakaa huko mamia ya miaka, kwa hiyo joto la leo limetokana pia na makaa ya mawe yaliyochomwa na watu ambao walishakufa zamani. Ndo maana hesabu ya mwaka huu peke yake haitoshi. Ukijumlisha hewa ukaa yote iliyotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi toka viwanda vianze, Marekani peke yake inabeba karibu robo, na nchi za Umoja wa Ulaya ukiziweka pamoja na Uingereza zinabeba zaidi ya moja ya tano. Afrika nzima, yenye karibu asilimia 18 ya watu wote duniani, iko kwenye asilimia 3 hivi.

Sasa hapo mtu atakwambia mbona husemi China. Sawa, tuiseme. China kwa sasa inatoa karibu theluthi moja ya hewa ukaa yote inayozalishwa kila mwaka, iliipita Marekani katikati ya miaka ya 2000 na haijarudi nyuma. Lakini ukigawa kwa idadi ya watu, Mmarekani mmoja anatoa tani 14 hivi kwa mwaka, Mchina tani 8 hivi, Mhindi tani 2, na nchi nyingi za Afrika mtu mmoja hafikishi hata tani moja. Kwa hiyo una hesabu tatu, ya historia, ya mwaka huu na ya kila kichwa, na zote tatu ni za kweli, na kila nchi ikifika mezani inachagua ile inayoipendelea. Marekani inapenda hesabu ya mwaka huu, India inapenda ya kila kichwa, nchi za visiwa zinapenda ya historia. Mabishano mengi ukiyachunguza vizuri ni watu wanaosoma jedwali moja kutokea safu tofauti.

Mwaka 1992 kule Rio de Janeiro nchi zilikubaliana kitu cha maana sana, na mpaka leo ndo msingi wa kila kitu. Waliandika kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa kwamba wote tuna wajibu, ila wajibu wetu haulingani, na nchi zilizoendelea ndo zitangulie. Wakaweka na orodha ya nchi hizo. Shida ni kwamba orodha ile ni picha ya dunia ya 1992. Qatar, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Korea Kusini na Singapore hazimo kwenye orodha ya wanaopaswa kutoa pesa, kwa mujibu wa mkataba hizi bado ni nchi zinazoendelea, wakati kuna nchi za Ulaya ambazo kipato cha mtu kiko chini kuliko Qatar na zinatakiwa zitoe. Hapa mimi naona nchi tajiri zina hoja, na sio vizuri wanaodai haki kujifanya hawaioni. Ila hoja hiyo imetumika sana kama kisingizio cha kuchelewesha, mtu anayedaiwa tayari anasema sitoi mpaka na yule mwingine atoe, na huku miaka inaenda.

Jaribio la kwanza la kulazimishana lilikuwa Itifaki ya Kyoto ya 1997. Ile ilikuwa na viwango kamili, nchi tajiri zipunguze uzalishaji kwa wastani wa asilimia 5 hivi kulinganisha na 1990, na zilizobaki zisibanwe kwanza. Kilichotokea ni somo tosha. Kabla hata itifaki haijakubaliwa, seneti ya Marekani ilipiga kura 95 kwa 0 kwamba haitakubali mkataba wowote ambao hauzibani na nchi zinazoendelea pia. Mwaka 2001 Rais Bush akaitupa kabisa. Canada iliridhia, ikashindwa kufikia kiwango chake, na Desemba 2011 ikatangaza inajitoa, waziri wake wa mazingira akieleza kwamba kubaki kungewagharimu mabilioni ya dola. Yani mkataba wenye meno ulikuwepo, na aliyeona meno yanamkaribia alifungua mlango akatoka, na hakuna chochote kilichompata.

Kutokana na hapo ndo ukaja mkataba wa Paris wa 2015, ambao watu wengi wanauelewa vibaya. Hakuna sehemu Paris inasema nchi fulani ipunguze kiasi fulani. Kila nchi inajipangia yenyewe lengo lake, inaliwasilisha, na kila baada ya miaka mitano inatakiwa ilete lingine kali zaidi. Kinachobana kisheria ni kuleta lengo na kutoa taarifa, kulifikia lengo lenyewe hakubani. Walifanya hivyo makusudi, bila hivyo Marekani na China zisingeingia, na kuna faida yake kwa sababu karibu dunia nzima iliingia. Ila fikiria maana yake kwa upande wa haki. Kila mtu anajikadiria mwenyewe anachodaiwa. Na Marekani yenyewe iliingia, ikatoka 2020, ikarudi 2021, na Januari 2025 Trump akasaini amri ya kutoka tena.

Alafu kuna utaratibu wa kuamua, na hili halizungumzwi sana. Toka mkutano wa kwanza kule Berlin mwaka 1995, kanuni ya kupiga kura haijawahi kupitishwa, kwa hiyo mpaka leo kila uamuzi mkubwa unapita kwa maridhiano, maana yake kati ya nchi karibu 200 wachache tu wakikaza wanaweza kuzuia wote. Kwenye COP30 pale Belém, Brazil, Novemba 2025, zaidi ya nchi 80 zilitaka iandikwe ramani ya jinsi ya kuachana na makaa, mafuta na gesi, na waraka wa mwisho ukatoka bila hata kuigusa. Utaratibu huu unampa mdogo sauti, Tuvalu inaongea sawa na Ujerumani, na hilo ni jambo zuri kabisa. Lakini unampa na mwenye mafuta breki, na breki siku zote inafanya kazi haraka kuliko sauti.

Na usidhani kura ingemaliza kila kitu. Oktoba 2025 pale London, kwenye shirika la kimataifa la bahari, nchi zilikutana kupitisha mpango wa kuzitoza meli kwa uchafuzi zinaoutoa, mpango ambao walishaukubali kimsingi mwezi wa nne. Marekani ikatishia nchi zitakazouunga mkono, na kura iliyopigwa ikawa ya kuahirisha kwa mwaka mmoja, 57 kwa 49.

Sasa tuje kwenye pesa, ndo mzizi wenyewe, na naomba tukae hapa kidogo.

Mwaka 2009 kule Copenhagen nchi tajiri ziliahidi kwamba kufikia 2020 zitakuwa zinatoa dola bilioni 100 kila mwaka kwa nchi zinazoendelea. Kiasi kile hakikutokana na hesabu yoyote ya mahitaji, kilikuwa ni kiasi cha kisiasa cha kuokoa mkutano uliokuwa unavunjika. Kwa takwimu za OECD, umoja ambao wanachama wake wengi ndo hao hao watoaji, ahadi ilitimia 2022, dola bilioni 115.9, yani miaka miwili imechelewa. Watu wakashangilia. Lakini fungua hiyo bilioni 115.9 uone ndani kuna nini. Kwenye sehemu inayotoka serikalini na kwenye mabenki ya maendeleo, karibu asilimia 70 ni mikopo. Mikopo inayorudishwa, na mingine ina riba ya soko kabisa, na kwenye hesabu ya ahadi dola moja ya mkopo inaandikwa sawasawa na dola moja ya msaada. Na pesa ya kuhimili, ile ya kujenga kingo, mifereji, mbegu zinazovumilia ukame, mifumo ya kutoa tahadhari, ilikuwa dola bilioni 32.4 tu, nyingi iliyobaki imeenda kupunguza uzalishaji, maana mradi wa umeme unaingiza mapato ya kulipa mkopo ila ukuta wa kuzuia bahari hauingizi kitu.

Kingine, hakuna tafsiri moja iliyokubalika ya pesa gani ihesabiwe kuwa ni pesa ya tabianchi. Kila nchi inahesabu inavyoona. Shirika la habari la Reuters lilifanya uchunguzi 2023 likakuta Italia imehesabu pesa zilizosaidia kampuni kufungua maduka ya chokoleti na aiskrimu Asia, Japani imehesabu mtambo mpya wa makaa ya mawe Bangladesh na upanuzi wa uwanja wa ndege Misri, Marekani imehesabu mkopo wa kupanua hoteli ya ufukweni Haiti. Yote hayo yaliingia kwenye taarifa rasmi na hakuna kanuni iliyovunjwa, kwa sababu kanuni hazipo. Mtambo wa makaa ya mawe umehesabiwa kama msaada wa tabianchi, mtu akisema mfumo huu una haki naomba aanzie kunieleza hapo.

Angalia Msumbiji. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019 kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira, kikaenda mpaka Zimbabwe na Malawi, zaidi ya watu 1,000 wakafa kwenye nchi hizo tatu, mashamba yakafunikwa na maji wiki chache kabla ya mavuno. Msumbiji kwa hewa ukaa ya historia haionekani hata kwenye chati. Na ilikuwa tayari imezama kwenye madeni. Mwezi uliofuata, msaada wa dharura uliotoka kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, ulikuwa mkopo wa dola milioni 118. Haukuwa na riba, ni kweli, na waliuhitaji vibaya sana, mimi sisemi wangeukataa. Nasema tu tuangalie kilichofanyika: nchi imepata hasara kutokana na tatizo ambalo mchango wake ni kama haupo, na njia ya kuisaidia imekuwa ni kuiongezea deni. Aliyetakiwa kuwa mdai kageuzwa mdaiwa.

Na mtego hauishii hapo. Nchi inayopigwa na majanga inaonekana hatari kwa wakopeshaji, kwa hiyo ikienda sokoni inakopeshwa kwa riba kubwa, riba kubwa inakula bajeti, bajeti ikiliwa hakuna cha kujengea mifereji, na mvua ijayo inakuta kila kitu kiko vile vile. Kisiwa cha Dominica kule Karibiani, mwaka 2017 kimbunga Maria kilisababisha hasara iliyokadiriwa asilimia 226 ya pato lake lote la mwaka, kwa usiku mmoja. Ndo maana Mia Mottley, waziri mkuu wa Barbados, toka 2022 amekuwa akisukuma mpango wa Bridgetown, na moja ya vitu unavyodai ni mikataba ya mikopo iwe na kifungu cha kusimamisha malipo janga likitokea, na Barbados yenyewe imeshaweka vifungu hivyo kwenye hatifungani zake. Ni kitu kidogo kinachoeleweka na kinatekelezeka kesho asubuhi.

Ila angalia nani anaamua mambo ya mikopo. IMF kura zinaenda na uzito wa uchumi, Marekani ina zaidi kidogo ya asilimia 16, na maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85, kwa hiyo Marekani peke yake inaweza kuzuia. Mkuu wa Benki ya Dunia kwa desturi anatoka Marekani, wa IMF anatoka Ulaya, toka vyombo hivi vianzishwe. Agosti 2021 kwa sababu ya korona IMF ilitoa akiba mpya ya dola bilioni 650 kwa wanachama wote na ikagawanywa kwa hisa, Afrika nzima ikapata kama bilioni 33, Ujerumani peke yake ikapata zaidi ya hapo. Kwenye COP nchi maskini zina sauti ila hakuna pesa pale, na kwenye vyombo vyenye pesa hazina sauti.

Kwenye COP ya Baku, Azerbaijan, Novemba 2024, lilipangwa lengo jipya la kuchukua nafasi ya ile bilioni 100. Nchi zinazoendelea zilitaka dola trilioni 1.3 kwa mwaka. Wakapewa bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, na trilioni 1.3 ikaandikwa kama kitu cha kukitafuta kwa pamoja kutoka kila upande, pamoja na sekta binafsi. Rais wa mkutano akagonga nyundo, na mara tu baada ya nyundo mjumbe wa India, Chandni Raina, akasimama akasema waraka huo ni kiinimacho tu na India inaupinga. Haikubadilisha kitu. Na hiyo bilioni 300, mikopo bado inaruhusiwa kuhesabiwa.

Kuna aina ya tatu ya pesa ambayo sio ya kupunguza uzalishaji wala ya kuhimili, ni ya hasara na uharibifu, pale ambapo kitu kimeshaondoka na hakuna cha kuhimili tena. Vanuatu kwa niaba ya nchi za visiwa ilipendekeza mwaka 1991, kabla hata ya Rio, uwepo mfuko wa bima wa kulipia hasara za bahari kupanda, na michango itoke kwa nchi zilizoendelea kiviwanda. Ikawekwa pembeni. Nchi tajiri ziliogopa kitu kimoja tu, kwamba ukilipa hasara umekiri kosa, na ukikiri kosa bili haina mwisho. Ndo maana hata Paris, kwenye uamuzi ulioambatana na mkataba, Marekani ilihakikisha imeandikwa kwamba kifungu cha hasara na uharibifu hakiwezi kuwa msingi wa fidia. Mfuko ulikuja kukubaliwa 2022 kule Sharm el-Sheikh, miezi michache baada ya mafuriko ya Pakistan yaliyogusa watu milioni 33 na kuua zaidi ya 1,700. Miaka 31 toka Vanuatu iseme. Mfuko ulipofunguliwa Dubai 2023, Marekani iliahidi dola milioni 17.5, na ahadi zote za dunia kwa ujumla hazijafika hata bilioni moja. Hasara ya Pakistan peke yake, kwa yale mafuriko ya mara moja, ilikadiriwa kuwa dola bilioni 30.

Kuna hata mambo yanayofanywa kwa nia nzuri yanayoangukia mabega yale yale. Ulaya imeanza kutoza ushuru kwa kaboni iliyotoka wakati wa kutengeneza chuma, aluminiamu, saruji na mbolea zinazoingia kutoka nje, ushuru wenyewe umeanza kuhesabiwa Januari 2026. Lengo ni viwanda visihamie kwenye nchi zenye sheria legevu, na hilo linaeleweka. Ila Msumbiji, ndo ile ile ya Idai, kwa miaka mingi aluminiamu yake ilitegemea sana soko la Ulaya, na pesa ya ushuru huo inaingia kwenye hazina za Ulaya, haijatengwa imsaidie muuzaji kusafisha kiwanda chake. Kwangu mimi hapo ni rahisi kurekebisha, zirudisheni hizo pesa kwa nchi maskini mnazozitoza, mtapata hewa safi na haki kwa pamoja.

Kwa sababu mezani kumekwama, watu wameenda mahakamani, na huko ndo kumeanza kuchangamka. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini waliamua kuzishawishi serikali za visiwa zipeleke swali Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Vanuatu ikalibeba, Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalipitisha bila kupingwa, na tarehe 23 Julai 2025 majaji wote kwa kauli moja wakatoa maoni yao. Walisema nchi zina wajibu wa kisheria wa kuilinda hali ya hewa, kwamba lengo ambalo nchi inajipangia chini ya Paris haliwezi kuwa chochote tu inachojisikia bali liendane na kuzuia joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi joto 1.5, kwamba wajibu huo haupo kwenye mikataba ya tabianchi peke yake, upo hata kwenye sheria ya desturi ya kimataifa ambayo huwezi kujitoa kwa kusaini barua, na kwamba anayevunja anaweza kudaiwa fidia. Ni maoni, hayana polisi. Lakini ile hofu iliyowekewa kizuizi Paris, neno fidia, sasa imetamkwa na mahakama kubwa kuliko zote.

Na kabla ya hapo, Mei 2025, kulikuwa na kesi ya Saúl Luciano Lliuya, mkulima na muongoza wapanda milima wa Huaraz, Peru, ambaye nyumba yake iko chini ya ziwa linalojaa kwa sababu barafu ya mlimani inayeyuka. Mwaka 2015 aliishtaki kampuni ya umeme ya RWE huko huko kwao Ujerumani. Hakudai mamilioni. Kwa hesabu iliyokuwepo RWE imechangia asilimia 0.47 ya uzalishaji wote wa viwanda duniani, kwa hiyo alidai ilipe asilimia 0.47 ya gharama ya kuzuia ziwa lisifurike, kama euro 17,000. Ilichukua miaka kumi, majaji wakasafiri mpaka Peru wakaliangalia ziwa kwa macho yao. Mwisho mahakama ya Hamm iliitupa kesi yake, kwa sababu wataalamu waliona uwezekano wa mafuriko kuifikia nyumba yake ndani ya miaka 30 ijayo ni mdogo, kama asilimia 1 tu. Ila kwenye hukumu hiyo hiyo majaji waliandika kwamba kimsingi mchafuzi mkubwa anaweza kuwajibishwa kwa madhara ya tabianchi hata kama aliyeathirika yuko upande mwingine wa dunia, na RWE iliposema umbali ni mkubwa mno hoja hiyo ilikataliwa. Kwa hiyo atakayekuja na nyumba iliyo kwenye hatari kubwa kuliko ya Lliuya hataanza tena kubishania kama anaruhusiwa kudai, ataanzia kwenye ushahidi.